Winfred Kadzo Tsofa, Aliyeanika Soksi Arobaini na Saba

Leo, Jumamosi tarehe 15 Novemba 2025, hapa nyumbani kwake Shika Adabu, Likoni, tunamsindikiza Winfred Kadzo Tsofa, msanii, mama wa Kafedha. Wasifu huu umeandikwa na dada yake wa pekee, Mwalimu Velma Mweri Tsofa, na ndiye anayeusoma. Kwa kuwa maandishi ya namna hii hayana "mimi", Velma atajitaja kwa jina lake kama mtu wa pembeni. Wanaomjua watasema hajawahi kukaa pembeni hata siku moja. Familia ilimpa kazi hii kwa sababu anaandika vizuri, na kati ya vipaji walivyogawiwa mabinti wa Mzee Tsofa, hicho ndicho pekee ambacho hakuna aliyembishia. Alianza kuandika wiki iliyopita akitumaini jambo moja, kwamba Kafedha, mwenye umri wa miaka ishirini na moja, angehamia kwake Changamwe. Jinsi jambo hilo lilivyokwenda litasemwa mahali pake.

Kadzo alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1976, katika zahanati ya Mtongwe. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mzee Japhet Tsofa, mpakiaji mizigo wa bandari ya Kilindini, na marehemu Mama Sidi. Velma alikuwa na miaka mitatu. Mama yao alisimulia hadi uzeeni kwamba Velma alipoonyeshwa mtoto aliuliza atalala wapi, akaambiwa atalala pale alipokuwa akilala yeye. Velma haikumbuki siku hiyo, lakini haoni sababu ya kuikana.

Alisoma shule ya msingi Mtongwe na kufanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1990. Akaingia shule ya upili ya wasichana upande wa Kisauni, ambako Velma alikuwa amemtangulia na alikuwa akiongoza somo la biolojia tangu kidato cha kwanza. Kwa muhula mmoja walimu walimwita Kadzo "mdogo wake Velma". Muhula wa pili ukaja mtihani wa kuchora amiba na kutaja sehemu zake. Kadzo alichora amiba, na kando yake akachora amiba mkubwa zaidi, amefunga leso kiunoni, anamuuliza mwenzake, "Umekula?" Alipewa sifuri. Lakini karatasi ile ilipelekwa chumba cha walimu ikazungushwa meza kwa meza, na kuanzia siku hiyo Velma akawa "dada yake Kadzo". Karatasi za Velma, zilizokuwa na alama tisini na kitu, hazikuzungushwa popote. Katika mtihani wa kidato cha nne mwaka 1994 Kadzo alipata D ya biolojia. Velma alikuwa amepata A, na anaomba radhi kwa kulitaja hilo msibani.

Baada ya shule, marehemu aliandika mabango ya saluni, vioski na maduka ya dawa kuanzia Likoni hadi Ng'ombeni. Kazi yake ya kwanza iliyohusu sayansi aliipata mwaka 1996, na hapa Velma angeomba watu wasikilize vizuri, kwa sababu aliyempa kazi hiyo ni Velma. Alikuwa ameanza kufundisha katika shule moja ya upili Changamwe, maabara haikuwa na picha hata moja ukutani, akamwomba mdogo wake amchoree moyo wa binadamu. Kadzo alifumua gunia la sukari, akalifua, akalipaka rangi nyeupe, na baada ya siku nne akaleta nyumba ya vyumba vinne. Damu iliyochoka ilikuwa ikiingia kwa mlango wa uani huku inajipepea, inapelekwa mapafuni kupunga hewa, inarudi kwa mlango wa mbele imeoga na kuvaa nguo nyekundu. Velma aliitia kalamu nyekundu mahali saba, maana penye vali Kadzo alikuwa ametundika mapazia.

"Dada, pazia si linafunguka upande mmoja?" Kadzo aliuliza.

"Pazia linafunguka pande zote."

"Basi hujaona pazia la chumba cha mama. Ukitoka huwezi kurudi."

Velma aliliacha gunia ukutani kwa sababu hapakuwa na lingine. Mwaka uliofuata wanafunzi wote wa kidato cha nne walilijibu swali la moyo sawasawa, hata wale wa viti vya nyuma. Mkaguzi wa shule alipokuja alisimama mbele ya gunia kwa muda mrefu, akauliza nani amechora. Hakuuliza nani amefundisha.

Kuanzia hapo kazi za Kadzo zilienda zikikua. Mwaka 2011 alishona mapafu mawili makubwa kwa vitambaa vya miavuli mibovu, akayaunganisha na pampu ya baiskeli, na kila mtu aliyeyakaribia bila kubisha hodi yalimpigia chafya ya unga wa ngano. Watu walipanga foleni ili wapigwe chafya. Mwaka 2016 gazeti moja liliandika kwamba Winfred Kadzo ni msanii aliyejifunza sayansi mwenyewe. Velma alilisoma gazeti hilo chumba cha walimu, wenzake wakampa hongera, akasema asante. Alikikata kipande hicho cha gazeti, na anacho hadi leo, akitafuta ndani yake jina lake ambalo halimo.

Kadzo alifunga ndoa takatifu na marehemu Elias Mwidani, fundi wa friji, Jumamosi tarehe 8 Desemba 2001. Bwana Mwidani alifika kwanza kwa Velma. Mwaka 2000 aliitwa shuleni kutengeneza friji ya maabara. Friji ilipona siku ileile, ila Velma aliendelea kuiona na kasoro kwa wiki tatu, na kila fundi alipokuja alipikiwa chai. Wiki ya tatu Kadzo alipita kuleta picha ya jicho. Mwidani aliuliza kwa nini jicho limevaa barakoa ya kuchomelea vyuma, wakacheka, na friji haikuharibika tena. Velma alikuwa msimamizi wa bibi harusi. Aliumia, na akapiga vigelegele kuliko wote. Bwana Mwidani alitangulia mbele za haki mwaka 2012, na Kadzo atalazwa kando yake.

Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Kafedha, aliyezaliwa tarehe 19 Machi 2004. Mtoto alipokuwa na majuma sita Kadzo alivuka feri akaenda Changamwe, mtoto mgongoni, akamkuta Velma anasahihisha madaftari.

"Dada, hospitali wameniambia mtoto ana moja zaidi. Moja ya nini?"

Velma alifungua ukurasa mpya. Alimwonyesha kwamba kila chembe ya mwili ina vijiti vidogo vinavyoitwa kromosomu, navyo hukaa viwili viwili, jozi ishirini na tatu, jumla arobaini na sita. Alivichora vyote. Alipofika jozi ya ishirini na moja alichora vitatu, akamwambia kwamba hali hiyo madaktari huiita Down, na kwamba mtoto atachelewa kutembea na kusema, lakini atatembea na atasema.

"Kwa hiyo hajapungukiwa?"

"Hajapungukiwa. Amezidi."

Kadzo aliuchana ukurasa, akaukunja, akaondoka nao. Katika miaka yote ya ualimu Velma hajafundisha somo likaeleweka kama lile.

Sasa aingie Bi Waridi Shee, wa Ziwa la Ng'ombe, muuzaji wa soksi za mitumba soko la Kongowea, ambaye amekaa mstari wa mbele na anajua kwamba ametajwa. Kila bunda linapofunguliwa hubaki soksi zisizo na wenzake, na Waridi hakuwa na moyo wa kuzitupa, alikuwa amejaza magunia mawili. Mwaka 2013 Kadzo alikwenda kuzitazama akiwa na Kafedha, na mtoto akaketi chini akaanza kuzilinganisha. Kafedha ana jicho. Haitazami rangi, huvuta mpira wa juu, maana rangi hupauka lakini mpira wa mashine moja hulegea namna moja. Jioni ile alipata jozi kumi na nane ambazo Waridi mwenyewe alikuwa amekata tamaa nazo. Kuanzia hapo Kafedha alishinda sokoni siku nne kwa wiki. Velma alikuwa amemtengenezea kadi za kujifunzia, za rangi, zenye picha na herufi, na Kafedha alizilalia. Velma hakumchukia Bi Waridi kwa hilo. Alimwonea wivu, na kwa kuwa tuko mbele ya Mungu na majirani, aliendelea kumwonea.

Jumamosi tarehe 22 Septemba 2018, katika uwanja wa nyumba moja ya zamani Kiembeni, Kadzo alifungua maonyesho ya kazi iliyomtangaza kuliko zote. Ilikuwa kamba ya kuanikia nguo, ndefu, imefungwa kutoka mwembe mmoja hadi mwingine, na juu yake soksi za mitumba zimebanwa jozi jozi kwa vibanio vya mbao, kubwa kwa ndogo, kama zilivyo kromosomu katika kitabu. Velma alifika saa nzima kabla ya wageni. Anakiri alikwenda kutafuta kosa. Alihesabu mara mbili, na moyo ukamruka kwa furaha. Zilikuwa arobaini na saba. Kwenye fungu la ishirini na moja palikuwa na soksi tatu, na ya tatu ilikuwa ndogo, ya mtoto mchanga, ya manjano. Miaka ishirini na miwili alikuwa akimsubiri Kadzo akosee mbele za watu, na sasa amekosea hesabu ya darasani. Aliichomoa ile ya manjano, akaitia mkobani.

Wageni walijaa. Kafedha, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alipita chini ya kamba akigusa fungu moja baada ya jingine, akafika mahali akasimama.

"Yangu iko wapi?"

Kadzo alitazama chini, Waridi akainama naye kwenye nyasi. "Mwalimu, hebu sogea kidogo, twatafuta soksi ya mtoto," Waridi alisema.

Velma alifungua mkoba, akaitoa soksi mbele ya wageni wote. "Usitafute. Niliitoa mimi. Zinatakiwa arobaini na sita, Kadzo. Hata mwanafunzi wa kidato cha tatu anajua."

"Za nani arobaini na sita, dada?"

"Za binadamu."

"Hii ni kamba ya Kafedha," Kadzo alisema, kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu asiyetaka kumwamsha mwingine.

Velma ndiye aliyeichora kamba ile kwenye daftari mwaka 2004. Alisimama pale na A yake ya biolojia, soksi ya mtoto wa mdogo wake mkononi. Kafedha hakulia. Aliichukua, akaomba kibanio, akaibana mahali pake, akaivuta mpira kuona kama imekaa. Wageni walipiga makofi. Walidhani imepangwa.

Na Kadzo, kwa kuwa alikuwa Kadzo, akaipanga. Kila kamba ile ilipokwenda kuonyeshwa, Nairobi, Dar es Salaam na hata Ujerumani, mtu mmoja aliyevaa miwani alitokea, akahesabu, akatikisa kichwa, akaichomoa soksi ya manjano, na Kafedha akairudisha. Watu walisimama kumpigia Kafedha makofi. Mtu wa miwani alikuwa Bi Waridi. Kabla ya safari ya kwanza alikwenda hadi Changamwe, akabisha hodi kwa adabu zote.

"Shikamoo Mwalimu. Mie nimekuja kukuazima mkoba. Nina wangu, lakini wallahi hauna ukali."

Velma alimpa. Jambo ambalo hajamwambia mtu ni kwamba aliumia zaidi kwa kutoombwa yeye mwenyewe. Angeiweza sehemu ile kuliko mtu yeyote.

Februari 2023 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya titi. Alifanyiwa upasuaji na kupata matibabu kwa zaidi ya miaka miwili, na kila Alhamisi Velma alimsindikiza kliniki na kumsomea majibu ya maabara. Ni aibu kusema, lakini zilikuwa Alhamisi njema. Hakuna aliyeweza kusoma karatasi zile isipokuwa Velma, Waridi alikuwa sokoni, na kwa mara ya kwanza tangu ukurasa ule wa kromosomu Kadzo alikuwa akimuuliza dada yake maswali. Aliuliza saratani inafanya nini hasa. Velma alimweleza kwamba ni chembe za mwili wake mwenyewe zinazogawanyika bila kuacha. Wiki iliyofuata Kadzo alileta mchoro wa wageni wa harusi waliogoma kuondoka, kila mmoja akizaa mgeni mwingine mwenye sahani, na bibi harusi mlangoni ameshika ufagio. Daktari aliuomba akaubandika ofisini.

Alhamisi moja ya mwezi wa Agosti mwaka huu, wakiwa kwenye benchi wanasubiri kuitwa, Velma alisema alichokuwa amekibeba miaka saba.

"Kadzo, ile soksi. Niliitoa kwa kijicho. Nilifurahi ulipokosea."

"Nilijua, dada. Uso wako uling'aa."

"Hukusema."

"Ningesemaje? Ile ndiyo kazi nzuri kuliko zote tuliyofanya pamoja." Kadzo alicheka hadi akashika ubavu. Velma hajui hadi leo kama ule ulikuwa msamaha au mzaha, na aliyeweza kumwambia ndiye huyu tunayemzika.

Siku hiyohiyo Velma aliuliza kuhusu Kafedha. Alisema ana nyumba, anapanga kustaafu mapema, ana chumba. Kadzo aliacha kucheka. "Ana mdomo, dada. Muulize mwenyewe."

Winfred Kadzo alifariki Alhamisi, tarehe 6 Novemba 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa. Mkono wake ulikuwa katika mkono wa Bi Waridi, ambaye siku hiyo alikuwa amefunga kibanda chake. Velma alikuwa ghorofa ya chini, kwenye dirisha la maabara, akichukua majibu ambayo hayakuwa na haja tena. Alipanda ngazi akakuta mdogo wake ameshaondoka.

Kikao cha familia kiliketi Jumapili iliyopita, chini ya Baba Mdogo Gona, ndugu yake Mzee Tsofa. Baba Mdogo alisema damu ni damu, na Kafedha ni wa Velma, hakuna la kujadili. Velma alikuwa ameshapaka chumba rangi. Alikuwa amenunua kitanda na neti, na kutundika pazia. Angeweza kunyamaza, kikao kingefungwa, na angepata alichokitaka. Lakini alikumbuka Alhamisi ile ya benchini, akaomba mtoto aitwe.

"Kafedha mwanangu, unataka kukaa wapi?"

"Abee, mama mkubwa. Kwa Waridi."

"Nimekutengenezea chumba. Kizuri, karibu na uwanja wa ndege, utaona ndege zikishuka."

Kafedha alifikiri. Yeye hajibu mpaka amefikiri, na watu wengi hawana subira hiyo. "Kwa Waridi nina kazi," alisema. "Kwako nina kitanda."

Baba Mdogo alikohoa akitaka kusema neno. Velma alimwomba asiseme.

"Na wewe uje," Kafedha aliongeza. "Jumapili. Uje ule."

Karatasi mliyoshika mkononi ilikuwa tayari imepelekwa kuchapwa, nayo ilisema kwamba mlezi wa Kafedha ni Velma. Jumatatu asubuhi Velma alikwenda mwenyewe kwenye duka la kuchapisha pale Likoni, akasahihisha kwa kalamu nyekundu, mahali pamoja.

Marehemu ameacha binti mmoja, Kafedha Mwidani. Mlezi wa Kafedha, Bi Waridi Shee. Dada mmoja, Velma Mweri. Baba Mdogo Gona. Mashemeji na wakwe wa ukoo wa Mwidani. Na wanafunzi wasio na idadi waliojua moyo una vyumba vinne kwa sababu yake. Jina la Waridi limetangulia la Velma. Velma ndiye aliyelipanga hivyo, na wivu alionao wakati anayasoma maneno haya ni uleule, haujapungua hata kidogo.

Mungu ampe Winfred Kadzo pumziko la amani. Na asiwe na wasiwasi kule aliko: Jumapili dada yake amealikwa Ziwa la Ng'ombe, naye atakwenda, atakula atakachopakuliwa.